Maumivu ya Mgongo wa Juu

Wenzangu, nimeona vijana wa huku Iyolwa wakinyanyua makopo mawili yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Wengi husukuma tu ili wapate kifua, wala hawavuti. Basi misuli iliyo kati ya makombe ya mabega hubaki dhaifu, nayo huuma siku wazidishapo uzito.

Maumivu ya kawaida ya mazoezi hupoa kwa siku chache. Punguza uzito, lakini usilale kutwa. Tembea, zungusha mabega polepole. Ukirudi mazoezini, kila usukumapo vuta pia, mgongo umenyooka. Lakini mkono ukifa ganzi au kifua kikibana, usikubali kukandwa: nenda hospitali upesi. Kumbukeni, jembe na dumu la maji la lita 20 vyaungoja mgongo huo huo.