Gari la Otomatiki Asubuhi ya Baridi

Miezi ya Juni na Julai, wakazi wengi wa Makete huamkia umande ulioganda juu ya majani. Asubuhi kama hizo, wenye magari ya otomatiki hulalamika kwamba gari ni zito, linachelewa kubadili gia, na injini inavuma kuliko mwendo wake. Wapo wanaokimbilia gereji na kufumuliwa giaboksi isiyo na ubovu wowote, kwa gharama inayoweza kumeza mauzo ya viazi ya msimu mzima.

Katika giaboksi ya otomatiki, oili si kilainishi tu. Ndiyo inayosukumwa na pampu ili kuzibana klachi zinazochagua gia. Ikipoa huwa nzito na hupita kwa shida katika njia zake nyembamba. Hivyo dereva akitoka P kwenda D, gari hukawia kidogo kabla ya kushika. La pili ni la makusudi: katika magari mengi, kompyuta hupima joto na kuizuia gia ya juu kabisa mpaka injini ipate moto. Gari linalong'ang'ania gia ya chini alfajiri linatii lilivyoagizwa.

Injini ikishawashwa, dereva angoje nusu dakika hivi, au mpaka mshale wa mizunguko ushuke karibu na 1,000. Mguu ukiwa kwenye breki, aweke D, asubiri gari lishike, kisha aondoke taratibu kwa kilomita chache za mwanzo. Kulingurumisha uani kwa dakika 15, desturi ya wengi, hupasha injini zaidi. Giaboksi hupata joto vizuri likiwa mwendoni. Hata anayempeleka mgonjwa usiku wa manane asikanyage mafuta kabla gia haijashika, kwani klachi husagika, na gari likifia mlimani mgonjwa hafiki.

Dalili zikiendelea baada ya injini kupata moto, au injini ikivuma bila gari kuchanganya, au oili ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, hapo fundi aitwe. Apime kwanza kiwango cha oili, kwa kuwa oili pungufu huleta dalili zilezile. Ikihitajika kuongezwa, iwe ile iliyotajwa katika kitabu cha gari: magari ya CVT yana oili yake, na yakitiwa ya otomatiki ya kawaida giaboksi huharibika.