Bibi Anasahau: Je, ni Uzee au ni Ugonjwa?

Leo tutasoma habari za ugonjwa wa akili uitwao bipola, na hasa jinsi unavyogusa akili za wazee.

Ugonjwa huu hupanda na kushuka. Ukipanda, mgonjwa hasikii usingizi, anaongea mfululizo, anagawa mali na kupanga makubwa kuliko uwezo wake. Ukishuka, anajifungia ndani, hali vizuri, hana hamu ya kitu. Katikati hutulia, akalima na kuongea kama watu wengine. Wengi huanza kuugua ujanani, kisha huzeeka nao.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja ana miaka 66. Huu ni mwaka wa tatu ametulia. Lakini akienda dukani kununua vitu vitatu, anarudi na kimoja. Akihesabu fedha za mbuzi, anachelewa. Watu wakiongea wengi pamoja, hashiki maneno. Watoto wanasema, "Mama kichwa kimeanza tena." Jirani mmoja ananong'ona kwamba ni uchawi. Wote wamekosea, na huyo jirani amekosea vibaya, maana neno kama hilo limekwisha kuua vikongwe.

Madaktari wamewapima wazee wenye bipola wakati wametulia. Wameona kuwa wengi hufikiri polepole kuliko wazee wenzao, hushika maneno mapya kwa shida, na kazi yenye hatua nyingi huwachanganya. Si wote, wapo wenye akili kali mpaka mwisho. Lakini kwa wengi hali hiyo hutokana na ugonjwa wenyewe, si uvivu wala ukaidi. Pombe, shinikizo la damu na kisukari huizidisha.

Sasa dawa. Hapa tusome polepole.

Mgonjwa anayemeza haloperidoli huenda akakakamaa viungo, akapewa na benziheksoli ya kumlegeza. Kwa mzee, hiyo benziheksoli yaweza kufifisha kumbukumbu. Karbamazepini yaweza kumletea usingizi na kuyumba. Inayotaka uangalifu zaidi ni lithiamu. Ni dawa nzuri sana, lakini figo za mzee huitoa mwilini polepole. Akiharisha, akitapika, akishinda juani bila maji, au akinunua diklofenaki kwa ajili ya magoti, lithiamu hujaa mwilini ikawa sumu. Mikono hutetemeka sana, anayumba kama mlevi, maneno yanavutika, anachanganyikiwa. Watu husema amelewa, kumbe anakufa.

Basi tutupe dawa? Hata kidogo! Ukiziacha ghafla, ugonjwa hurudi. Tia dawa zote katika kikapu kimoja, pamoja na za dukani na za miti shamba, umpelekee mganga wa zahanati au daktari azione. Yeye ndiye wa kupunguza au kubadili. Anayemeza lithiamu apimwe damu mara kwa mara, kuona dawa imefika kiasi gani, na figo na tezi ya shingo zinafanyaje kazi. Tezi hiyo ikilegea, akili nayo huwa nzito, na hilo lina tiba.

Tena tujue tofauti hii. Kusahau kulikokuja kidogo kidogo kwa miaka kwaweza kungoja siku ya kliniki. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au juzi hakungoji. Yaweza kuwa malaria, nimonia, kiharusi, sukari kushuka au sumu ya dawa. Apelekwe siku hiyohiyo.

Hapa kisomo chetu kina kazi. Daktari anamwona bibi dakika chache tu. Hajui mwaka jana alikuwaje. Nunueni daftari. Andikeni alilala saa ngapi, alimeza dawa gani, lini alianza kusahau. Bibi naye aandike mwenyewe vitu vya dukani. Tumwambie jambo moja moja, na funguo zikae mahali pamoja siku zote.

Sisi tunaona si haki kumnyang'anya kazi zote. Akiuza mbuzi, mtoto akae karibu wahesabu pamoja. Kuku na bustani ya mchicha aachiwe, ni vyake.

Maswali ya kujadili kikundini:
Kwa nini mzee anayemeza lithiamu akiharisha tusingoje kesho?
Katika kijiji chenu, mzee anayesahau huitwa jina gani, na nani alianza kumwita hivyo?