Nani Kapata Mbolea ya Ruzuku?

SWALI: Mkulima wa viazi na kabichi kutoka Mlalo, Lushoto, anauliza: je, mwanakijiji ana haki ya kujua nani kanufaika na mbolea ya ruzuku?

JIBU: Swali hili lina historia. Kuanzia msimu wa 2008/09 serikali iligawa vocha za pembejeo, na orodha ya wanufaika iliandaliwa na kamati ya kijiji: wanawake watatu, wanaume watatu. Kwenye karatasi, mpango safi kabisa. Lakini watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walipochunguza vijiji vya Kilimanjaro, waligundua kuwa asilimia 60 ya vocha ziliangukia kaya za viongozi wa vijiji wenyewe. Majirani walijua, bila shaka. Kijijini mfuko wa mbolea haufichiki.

Mwaka 2022 utaratibu ulibadilika. Mkulima husajiliwa, hupewa namba, kisha hununua kwa wakala kwa bei ya ruzuku.

Kisheria, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Njia ya karibu zaidi ni mkutano mkuu wa kijiji: hapo mwenyekiti anaweza kuulizwa mbele ya watu.

Majina, hata hivyo, yana utata. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha sheria za kuwaanika mtandaoni wakulima binafsi waliolipwa ruzuku, ikitaja faragha yao. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kwa hiyo mkulima wa Mlalo aanze kwa kuomba idadi ya waliosajiliwa na mifuko iliyofika kijijini.