Msuguano na Kuchagua Tairi

Tazama tairi la baiskeli, la basi au la lori. Usoni mwake utaona mifereji iliyochongwa kwa mpango maalumu. Mifereji hiyo si mapambo. Tairi likitumika kwa muda mrefu husagika, mifereji hupungua kina, na mwisho hutoweka. Tairi la namna hiyo huitwa kipara, na gari lenye vipara ni hatari barabarani.

Sasa fikiri jambo hili. Magari mengi ya mashindano, yaendayo kwa kasi kubwa sana, hufungwa matairi yasiyo na mfereji hata mmoja. Tena matairi hayo ni mapya, na bei yake ni kubwa. Je, kwa nini tairi lisilo na mifereji lifae kwa gari la mashindano, nalo liwe hatari kwa basi? Katika somo hili utapata jibu.

A. Msuguano ni nini?

Weka kiganja chako juu ya dawati. Kikandamize, kisha ukisukume mbele. Utahisi nguvu inayokuzuia. Nguvu inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze huitwa msuguano. Sasa lowesha dawati kwa maji ya sabuni, urudie tena. Mara hii kiganja kinateleza kwa urahisi. Maji yameingia katikati ya kiganja na dawati, na msuguano umepungua.

Gari pia hutegemea msuguano. Injini huzungusha magurudumu, breki huyazuia, na usukani huyageuza. Lakini gari haliwezi kuondoka, kusimama wala kukata kona pasipo msuguano kati ya tairi na barabara. Kama msuguano usingekuwapo, magurudumu yangezunguka bure.

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo. Katika gari dogo, sehemu hiyo inakaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kwa hiyo gari lenye uzito wa zaidi ya kilogramu 1,000, pamoja na watu waliomo, hushikiliwa barabarani na viganja vinne tu vya mpira.

B. Mpira wa tairi

Zamani mpira ulikuwa na kasoro kubwa. Wakati wa joto ulinata, na wakati wa baridi ulikuwa mgumu na kupasuka. Mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi lililojazwa hewa. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Siku hizi viwanda huweza kutengeneza mpira mwororo au mpira mgumu. Mpira mwororo hubonyea na kuingia katika vijitundu vya lami, kwa hiyo hushika barabara vizuri. Lakini husagika upesi. Mpira mgumu hudumu muda mrefu, lakini haushiki kama ule mwororo. Basi anayechagua tairi sharti kwanza ajiulize: Nitalitumia wapi?

C. Kiwanja cha Silverstone

Huko Uingereza kuna kiwanja cha mashindano ya magari kiitwacho Silverstone. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mahali hapo palikuwa kiwanja cha ndege za kivita. Vita vilipokwisha, njia zake zilianza kutumiwa kwa mashindano rasmi ya magari mwaka 1948. Siku hizi mzunguko mmoja wa njia yake kuu una urefu wa karibu kilometa 6.

Si madereva wa mashindano tu wanaoingia humo. Kuna siku maalumu ambapo mtu mwenye gari lake mwenyewe hulipa ada, akaruhusiwa kuliendesha kwa kasi ambayo barabarani hairuhusiwi. Hakuna waenda kwa miguu wala magari yanayokuja kutoka mbele. Hata hivyo, kona ni nyingi, na mvua ya Uingereza haina miadi. Asubuhi lami huweza kuwa kavu, na mchana ikalowa. Kwa sababu hiyo dereva sharti achague tairi kwa busara. Anaweza kuchagua moja kati ya haya matatu:

1. Tairi la kavu. Hili halina mifereji, na mpira wake ni mwororo. Kwa kuwa uso wake wote hugusa lami, hushika sana. Lakini huisha upesi, na katika Uingereza sheria hairuhusu litumike katika barabara za watu wote.

2. Tairi la mvua. Hili lina mifereji mipana na yenye kina. Maji yaliyo chini ya tairi huingia katika mifereji na kutupwa nje, ili mpira uiguse lami. Likitumiwa kwa kasi katika lami kavu hupata joto kupita kiasi na kuharibika.

3. Tairi la kati. Hili lina mpira mwororo na mifereji michache. Baadhi ya matairi ya namna hii yanaruhusiwa barabarani. Mwenye gari huweza kwenda nalo kiwanjani na kurudi nalo nyumbani. Hata hivyo, mvua kubwa ikinyesha njiani, sharti aende polepole, kwa kuwa mifereji michache haiwezi kuondoa maji mengi.

Je, tairi la kavu likikuta maji hufanya nini? Maji hayana mahali pa kukimbilia. Gari likienda polepole, maji hupata nafasi ya kusogea pembeni. Likienda kasi, nafasi hiyo hukosekana. Maji hubaki chini ya tairi na kulinyanyua, nalo gari huelea juu yake. Hapo dereva akikanyaga breki, gari halisimami. Akigeuza usukani, gari haligeuki.

D. Joto na upepo

Sugua viganja vyako kwa nguvu. Vimepata joto, sivyo? Msuguano huleta joto. Tairi nalo hupata joto kwa kuteleza kidogo kwenye kona na kwa kubonyea kila linapozunguka. Tairi la kavu hufanya kazi vizuri likiwa na joto kali, mara nyingi karibu nyuzi 80 hadi 100 za Sentigredi. Likiwa baridi halishiki sawasawa. Ndiyo maana dereva mwenye akili huanza mzunguko wa kwanza polepole.

Joto hilo huipata pia hewa iliyomo ndani ya tairi, ambayo mafundi huiita upepo. Hewa ikipata joto hutaka kutanuka. Kwa kuwa imefungiwa ndani, husukuma tairi kwa nguvu zaidi. Tairi lililojaa kupita kiasi huvimba katikati, na kiganja chake cha kushikia lami hupungua. Kwa hiyo baada ya mizunguko michache dereva hurudi, akapima upepo kwa geji na kupunguza kidogo. Jioni, matairi yakipoa, hupima tena na kuongeza upepo kabla ya kuingia barabarani. Asipofanya hivyo, atarudi nyumbani na matairi yasiyo na upepo wa kutosha.

E. Jibu la swali letu

Sasa unaweza kulijibu swali la mwanzo. Tairi la kavu halikupoteza mifereji, bali lilitengenezwa bila mifereji. Mpira wake ni mwororo, hupata joto, na hutumika mahali pakavu tu. Mvua ikinyesha, huondolewa. Kipara cha basi ni kitu kingine. Mpira wake ulitengenezwa kuwa mgumu ili udumu, na sasa umekuwa mwembamba, hata huweza kutoboka au kupasuka upesi. Tena basi halichagui siku ya kavu. Mvua ikinyesha safarini, abiria wote wamo ndani, na hakuna tairi jingine la kubadilisha.

Katika Uingereza sheria hutaka mifereji ya tairi la gari dogo isipungue kina cha milimeta 1.6. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha karibu milimeta 8.

F. Jaribio

Vifaa: ubao mrefu, kandambili mpya yenye mifereji, kandambili kuukuu iliyosagika, mawe mawili yenye uzito sawa, rula, na maji.

Njia:
1. Weka kandambili mpya juu ya mwisho mmoja wa ubao, na jiwe juu yake.
2. Nyanyua mwisho huo polepole. Kandambili ikianza kuteleza, acha kunyanyua, na mwenzako apime kimo cha ubao kutoka chini.
3. Rudia kwa kandambili kuukuu.
4. Mwagia ubao maji, kisha urudie hatua zote.
5. Andika vipimo vyote vinne katika jedwali. Kadiri kimo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo msuguano ulivyo mkubwa.

Mambo ya kukumbuka

Msuguano kati ya tairi na barabara ndio unaolishika gari. Maji hupunguza msuguano, na mifereji huyaondoa maji. Hakuna tairi moja linalofaa mahali pote. Tairi bora ni lile linalofaa njia na hali ya hewa ya siku hiyo.

Maswali

1. Msuguano ni nini? Taja njia mbili ambazo msuguano hutufaa, na moja ambayo hutudhuru.
2. Kwa nini mwendo wa kasi katika maji ni hatari kuliko mwendo wa polepole?
3. Dereva amefika Silverstone na matairi ya kavu peke yake. Saa sita mvua inaanza kunyesha. Umshauri afanye nini? Toa sababu.
4. Kwa nini upepo wa tairi hupimwa tena baada ya tairi kupata joto?
5. Kwa ruhusa ya mwenyewe, ingiza njiti ya kiberiti katika mfereji wa tairi la gari lililoegeshwa, lisilo na injini inayonguruma. Weka alama kwenye njiti, kisha pima kina kwa rula. Ukikuta kina hakifiki milimeta 2, mweleze mwenye gari ulichojifunza katika somo hili.