Neno Lisilomo Katika Biblia

Katika Migori na Homa Bay, kama kwingi katika Kenya, watu hunena ya kuwa Mungu amesema, "Jisaidie, nami nitakusaidia." Husemwa matangani na katika harambee, tena kwa sauti ya mtu asomaye aya. Lakini mwenye kuitafuta aya hiyo, katika Biblia ya Kiswahili au katika ile ya Kijaluo iliyotolewa nzima mwaka 1953, hataiona.

Asili yake ni ya Kiyunani. Katika ngano moja ya Aesop, mkokoteni wa mtu ulikwama matopeni. Akamwomba Hercules, ambaye Wayunani walimwabudu, naye akaambiwa atie bega lake kwanza. (Aliyepata kukwama katika udongo mweusi wakati wa masika hatalidharau shauri hilo.) Benjamin Franklin wa Marekani aliyachapa maneno yenye maana hiyo katika kalenda yake ya mwaka 1736, yakazidi kuenea.

Kweli, Maandiko huwakemea wavivu. Paulo aliwaandikia Wathesalonike habari hiyo, waraka wa pili, mlango wa 3. Lakini neno hili huambiwa pia mjane aliyekuja kuomba karo ya mwanawe, naye, akidhani kwamba ni Mungu aliyemnyima, huondoka kimya. Yakobo, mlango wa 1, aya ya 27, huhesabu kuwaangalia yatima na wajane kuwa dini iliyo safi. Aya hiyo imo, na mjane aweza kumfungulia mwenyekiti wa kamati ukurasa wenyewe ausome.