Kuitafuta Injili Katika Maandiko: Somo kwa Walimu na Wasomaji wa Neno



Katika mitaa yetu mingi siku ya Jumapili hakuna mchungaji. Mwalimu ndiye asimamaye mbele ya watu, na Kitabu mkononi. Mbele yake wameketi mjane, kijana mwenye deni, mama aliyezika mtoto, na ndugu wawili wasiosemezana. Wote hungoja neno. Nao wakiisha kurudi nyumbani, kila mmoja amechukua kitu: ama mzigo wa pili juu ya ule aliokuja nao, ama habari njema. Kwa hiyo imetupasa kujifunza swali hili: Nikisoma fungu la Biblia, nitaionaje Injili iliyomo?

1. Injili ni nini?

Neno hili lina asili yake katika Kiyunani, nalo likatufikia kwa njia ya Kiarabu. Maana yake ni habari njema. Angalieni, habari si amri. Mjumbe ajaye mbio kutoka vitani na kusema kwamba adui ameshindwa, hatuambii la kufanya. Atuambia lililokwisha kutendeka. Kwanza twaisikia habari, ndipo twaondoka mafichoni.

Sheria nayo ni neno la Mungu, takatifu na la kweli. Sheria huagiza, huuliza, huhukumu. Injili hutoa. Philipo Melanchthon, katika maandiko yake ya mwaka 1531 ya kuutetea Ungamo wa Augsburg, aliyagawa Maandiko yote katika sehemu hizi mbili: sheria na ahadi. Naye Martin Luther, katika mafundisho mafupi aliyoyatanguliza mbele ya mahubiri yake mwaka 1522, aliwaonya wasomaji wasimfanye Kristo kuwa Musa wa pili. Kwanza tumpokee Kristo kama kipawa tulichopewa na Mungu. Baada ya hayo tumtazame kama kielelezo cha kufuatwa. Mwenye kuupindua utaratibu huu huwafundisha watu kujenga paa kabla ya kuta.

2. Zakayo (Luka 19:1-10)

Tuseme yuko mtu aliyekula fedha za chama cha wakulima wa kahawa. Miaka miwili hajaikaribia Meza ya Bwana. Jumapili moja anaingia kanisani, anaketi karibu na mlango. Somo la siku ile ni Zakayo.

Mwalimu wa kwanza asema: Zakayo alirudisha mara nne, nawe rudisha, ndipo Yesu atakapoingia nyumbani mwako. Yule mtu afanya hesabu moyoni mwake, aona haiwezekani, naye atoka kabla ya sala ya mwisho. Mwalimu huyu amesema maneno mazito, lakini ameipindua habari. Someni tena polepole. Ni nani aliyeanza? Zakayo alipanda mti ili aone tu. Yesu ndiye aliyesimama, akamwita kwa jina lake, akasema kwamba imempasa kukaa nyumbani mwake siku ile ile. Wakati ule Zakayo alikuwa hajarudisha hata senti moja. Ndiyo sababu watu walinung'unika. Kama angalikuwa amekwisha kulipa, wangalinung'unikia nini?

Mwalimu wa pili aonyesha utaratibu huu, na kwamba mwishoni Bwana mwenyewe asema kazi yake ni kumtafuta aliyepotea. Yule wa mlangoni asikia kwamba Yesu asimama chini ya mti wake akimwita.

Je, fedha za chama zimesahauliwa? La, hasha! Wale waliodhulumiwa nao wameketi kanisani, pengine katika benchi la mbele, nao hawakuambiwa kwamba hasara yao si kitu. Tazameni hesabu ya Zakayo. Torati ilimwagiza mtu aliyeungama udhalimu wake arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6-7). Kulipa kondoo wanne kwa kondoo mmoja kulikuwa adhabu ya mwizi aliyekwisha kumchinja au kumwuza kondoo wa watu (Kutoka 22:1). Zakayo ajitwalia malipo makubwa yale, tena awapa maskini nusu ya mali yake. Hakuna aliyemwamuru. Mgomba hauambiwi, Zaa! Hupaliliwa, hutiwa samadi, nao huzaa. Vivyo hivyo neema ilimfanya Zakayo atende zaidi ya ile sehemu ya tano.

3. Amri Kumi (Kutoka 20)

Wengi wetu tulizijifunza Amri kwanza katika Katekisimo Ndogo, aliyoitoa Luther mwaka 1529. Mle maneno ya kutolewa Misri hayamo, kwa hiyo ni rahisi kuyasahau. Lakini katika Biblia yenyewe Mungu hasemi amri hata moja kabla ya kujitaja kuwa ndiye aliyewatoa Waisraeli katika nyumba ya utumwa. Kwanza bahari ilipasuliwa, ndipo mlima ukatoa moshi. Hawakupewa Amri ili wapate kutoka Misri. Walikuwa wamekwisha kutoka. Mwalimu wa wanafunzi wa kipaimara na aanze na kifungu cha 2, ili watoto wajue ni Bwana yupi anayewaagiza.

4. Fungu lisilo na faraja (Amosi 5:21-24)

Yako mafungu ambayo ndani yake twasikia hukumu. Amosi awaambia watu kwamba Mungu amezichukia sikukuu zao na nyimbo zao, kwa sababu haki haimo kati yao. Tufanye nini? Tusiyalainishe. Usharika unaoimba vizuri huku wenye nguvu wakimnyang'anya mjane shamba lake sharti ulisikie neno hili kama lilivyo. Kisha, sheria ikiisha kutuziba vinywa, tusiwaache watu hapo. Tuwapeleke kwa Yeye aliyeichukua hukumu ile mwilini mwake msalabani. Injili hii haikufichwa katika kifungu cha 24. Imo katika Maandiko yote yanayokizunguka. Yafaa mhubiri aseme wazi, Sasa nawapeleka mahali pengine, kuliko kulitesa fungu liseme lisilosema.

5. Hatari mbili

Ya kwanza ni kumwona Kristo penye kila kijiti. Si kila mti katika Agano la Kale ni msalaba, wala si kila maji ni ubatizo. Yule nyoka wa shaba (Hesabu 21:4-9) twamweleza kuwa mfano wa Kristo kwa sababu Bwana mwenyewe alisema hivyo na Nikodemo (Yohana 3:14-15). Watu wa jangwani walioumwa hawakuagizwa kutafuta dawa. Waliambiwa watazame, wakaishi. Lakini baadaye watu waliifukizia uvumba shaba ile, hata mfalme Hezekia akaivunja (2 Wafalme 18:4). Ishara ikiachana na ahadi hugeuka kuwa sanamu. Hata mifano yetu mizuri ya mahubiri yaweza kugeuka hivyo.

Ya pili ni kuifanya Injili kuwa ruhusa. Mtu asemaye, Nimesamehewa, kwa hiyo nibaki na mali ya wizi, hakumpokea mgeni aliyeingia kwa Zakayo. Amechukua jina lake tu.

6. Maswali manne ya kuliuliza kila fungu

Mwalimu anapojitayarisha Jumamosi jioni, na alisome fungu lake mara mbili, kisha aulize:
Kwanza, Mungu anatenda nini hapa, na mwanadamu anatenda nini? Ni nani aliyeanza?
Pili, ni neno gani linalonishitaki mimi mwenyewe, kabla sijawashitaki wengine?
Tatu, ni ahadi gani iliyomo. Na kama haimo, ni wapi karibu Maandiko yanapoitoa?
Nne, mtu akiisha kuipokea ahadi hii, ni tunda gani litakalofuata nyumbani, shambani na sokoni?

Maswali haya yatusaidia pia nje ya ibada. Mwalimu aitwapo kwa mgonjwa aliye karibu na kufa, asimhesabie sadaka alizokosa kutoa. Asimsomee sheria aliyekwisha kuvunjika moyo. Na ampe ahadi iliyofungwa katika ubatizo wake. Wazee wakimwonya mtu mwenye kiburi, wasimpake mafuta kabla jeraha halijaoshwa. Na siku ya sadaka ya mavuno, kabla ya kutaja vikapu, na watajiwe watu kwanza mvua na jua, na Mwana aliyetolewa kwa ajili yao. Anayetoa kwa hofu huhesabu kilichobaki ghalani. Anayetoa kwa shukrani hukumbuka alichopewa.

Kazi ya kufundisha kwa wiki hizi: walimu wa kila mtaa na wakutane, wasome Luka 15:11-32, na wajibu pamoja: Baba alikwenda mbio kabla au baada ya mwana kumaliza maneno yake ya toba? Na yule ndugu mkubwa, aliyesimama nje akikataa kuingia, aliambiwa sheria au Injili? Kila mmoja na aandike jibu lake kwa maneno machache, akalijaribu katika mahubiri yake yajayo.

Bwana na awafungulie Maandiko.