Mazingira Safi: Kazi ya Kila Siku, Furaha ya Wote



Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 viliwatoa watu wengi Pundanhar na vijiji vingine vya wilaya ya Palma. Kule kijijini nyumba zina nafasi kati yake. Kambini watu wamebanana, na uchafu wa nyumba moja huwa ugonjwa wa nyumba kumi. Ukiwa bado kambini, au umesharudi Pundanhar, somo hili ni lako.

Tufanye nini kila siku?

1. Tumia choo, na kinyesi cha mtoto kitupe chooni. Kipindupindu hutoka katika kinyesi na kuingia mdomoni kwa maji, chakula na mikono. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30.

2. Nawa mikono kwa sabuni au jivu baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.

3. Tia dawa ya maji, yaani klorini, kama mhudumu wa afya alivyokuelekeza. Kwa Kireno "cloro" na "cólera" ni maneno yanayofanana, na wapo wanaodhani dawa hii ndiyo inayoleta ugonjwa. Si kweli: klorini huua vijidudu vya kipindupindu. Uvumi una hatari yake. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo kilichojaa watu kilizama karibu na Ilha de Moçambique, mkoani Nampula. Watu zaidi ya 90 walikufa. Viongozi wa mkoa walisema wengi walikuwa wakikimbia uvumi juu ya kipindupindu.

4. Mara moja kila wiki mwaga maji yaliyotuama katika makopo, matairi na vifuu vya nazi. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Ukimwaga kila wiki, unamkatiza njiani.

5. Punguza kuni. Loweka maharage usiku kucha, funika chungu, tumia kuni kavu. Mama na mabinti watapunguza safari za porini, na miti itapumzika.

Na sherehe je?

Tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972. Ngoma ipigwe, watu wafurahi! Lakini sherehe isituachie ugonjwa. Wageni wanaweza kuwa wengi, kwa hiyo vyoo na shimo la taka viandaliwe mapema. Watu wanawe kwa maji yanayomiminwa, wasichovye mikono wote katika beseni moja. Chakula kiliwe kikiwa cha moto.

Mahali pengi siku hiyo watu hupanda miti. Kwetu Cabo Delgado mwezi Juni ni kiangazi, na mche uliopandwa wakati huo bila kumwagiliwa hufa. Basi tufanye hivi: Juni tusafishe kambi na kuchagua mahali pa kupanda. Korosho zikiiva, mnamo Oktoba na Novemba, chagua mbegu nzuri: zitie ndani ya maji, zinazozama ndizo za kupanda. Mvua zikianza, mwezi Desemba, tupande pamoja, na kila mti upewe mwenyewe wa kuutunza.

Juni ifuatayo tukutane tena, tuhesabu: miti mingapi iko hai? Vyoo vingapi vina maji na sabuni? Hapo tutajua kama tulisherehekea kweli, au tulicheza ngoma tu.

Kumbuka: Mtu akiharisha maji maji, mpe maji safi lita 1 yenye sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, na mpeleke kituo cha afya upesi.

Maswali ya kuzungumza na majirani

- Katika safu yetu, maji yanatuama wapi?
- Nani atautunza mti wetu sisi tukirudi nyumbani?